Peptidi za kuvu: silaha ndogo zinazoua bakteria, na kwa nini zinatuhusu

Baada ya mvua, angalia lundo la samadi nyuma ya zizi. Siku chache baadaye unaweza kuona vijiuyoga vyembamba vyenye kofia ya kijivu vimechipua juu yake. Havidumu. Huota, hufunguka, kisha hulainika na kuwa kama wino mweusi.

Samadi imejaa bakteria wasiohesabika, na wote wanagombea chakula kilekile. Kuvu haina miguu ya kukimbia wala meno ya kuuma. Inapataje sehemu yake?

Jibu moja ni kwamba kuvu hutengeneza silaha. Baadhi ya silaha hizo ni vipande vidogo vya protini vinavyoitwa peptidi. Makala haya yanaeleza peptidi hizo ni nini, zinauaje vimelea, zipi zimekwisha kuwa dawa na zipi bado, na kwa nini habari hii inamhusu hata mtu anayenunua vidonge vya amoksilini katika duka la dawa la kijijini.

Kwa kifupi

- Kuvu nyingi hutengeneza peptidi zinazoua bakteria au kuvu nyingine zinazoshindana nazo.
- Penisilini, dawa iliyookoa mamilioni ya watu, huanza kama peptidi fupi ndani ya kuvu.
- Peptidi mpya kama plectasin na copsin zimefanya vizuri maabara, lakini bado si dawa za hospitali.
- Kula chakula chenye ukungu si tiba. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, ambayo huua.
- Kwa kuwa dawa mpya huchelewa kufika, tulizonazo lazima zitunzwe.

Kuvu ni kiumbe gani?

Kuvu ni kundi kubwa la viumbe. Humo mna uyoga, ukungu unaoota kwenye mkate, hamira ya kuumulia maandazi, na hata kutu inayoshambulia majani ya kahawa. Kuvu si mmea, kwa sababu haijitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Si mnyama pia, kwa sababu haina mdomo wala tumbo.

Kuvu hula kwa namna ya pekee. Humwaga majimaji ya kumeng'enya juu ya chakula, chakula kinalainika hukohuko nje, kisha nyuzi zake hufyonza kilicho tayari. Ni kama mtu anayepika uwanjani bila uzio: chakula kikiiva, kila apitaye anaweza kuja na sahani. Kwa kuvu, wapita njia hao ni bakteria. Kuvu isiyo na namna ya kuwazuia ingepika ikabaki na njaa.

Ndiyo maana kuvu nyingi hutoa kemikali za kujilinda. Kemikali hizo ni za aina nyingi, na peptidi ni aina mojawapo.

Peptidi ni nini?

Fikiria shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kila shanga ni kitu kidogo kiitwacho asidi amino. Zikitungwa nyingi, mamia au zaidi, na uzi ukajikunja kwa umbo maalumu, tunapata protini, kama zile za maharage, nyama na maziwa. Zikitungwa chache, kuanzia mbili tatu hadi makumi kadhaa, tunapata peptidi.

Kinachoamua kazi ya peptidi ni aina ya shanga, mpangilio wake, na jinsi uzi unavyojikunja. Peptidi moja inaweza kuwa homoni ya mwili, nyingine sumu ya nge, nyingine silaha ya kuua bakteria.

Mwili wa binadamu nao hutengeneza peptidi za kuua vimelea. Zimo kwenye ngozi, kwenye utumbo na ndani ya chembe nyeupe za damu. Kwa hiyo kuvu haiko peke yake katika ufundi huu, lakini imekuwa na muda mrefu sana wa kuunoa.

Penisilini ilianzia kwenye peptidi

Mwaka 1928, Alexander Fleming, daktari aliyekuwa akifanya utafiti katika hospitali ya St Mary's jijini London, aliona ukungu umeingia kwenye kisahani alimokuwa akikuza bakteria. Kuuzunguka ukungu huo, bakteria walikuwa wamekufa. Ulikuwa ukungu wa jamii ya Penicillium, na dawa iliyotokana nao ikaitwa penisilini.

Ndani ya kuvu, kazi huanza kwa kuunganisha asidi amino tatu tu. Kiuzi hicho kifupi hukunjwa na kufungwa kuwa pete ndogo, na pete hiyo ndiyo moyo wa penisilini. Amoksilini tunayoijua leo ni ndugu wa penisilini, iliyorekebishwa viwandani.

Kutoka kwenye kisahani cha Fleming hadi kwa mgonjwa ilichukua zaidi ya miaka kumi. Mwezi Februari 1941, watafiti wa Oxford walimpa penisilini askari polisi Albert Alexander, aliyekuwa na maambukizi makali usoni na mwilini. Akaanza kupata nafuu, lakini dawa ilikuwa kidogo mno. Watafiti walifikia hatua ya kukusanya mkojo wake ili waichuje tena penisilini iliyotoka nao. Haikutosha. Dawa iliisha, maambukizi yakarudi, na mwezi Machi alifariki. Dawa ilifanya kazi, ila haikuwepo ya kutosha.

Mwaka 1945, Giuseppe Brotzu, daktari wa mji wa Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, Italia, alipata kuvu nyingine kwenye maji ya bahari karibu na mahali bomba la maji taka linapomwagika. Humo ndimo zilimotoka dawa za jamii ya sefalosporini. Sindano ya seftriaksoni, inayotumika sana hospitalini kwetu, ni ya ukoo huo, nao pia huanza na asidi amino tatu zilizounganishwa.

Plectasin: kuvu nyeusi ya msitu wa misonobari

Penisilini ni ndogo sana na imebadilika umbo, kiasi kwamba watu wengi hawaiiti peptidi. Swali likabaki: je, kuvu zina peptidi kubwa zaidi, zilizojikunja vizuri, kama zile za mwili wetu?

Mwaka 2005, watafiti wa kampuni ya Novozymes ya Denmark pamoja na wenzao walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameipata moja. Ilitoka kwenye kuvu nyeusi yenye umbo la kikombe, Pseudoplectania nigrella, inayoota chini ya misonobari katika misitu ya Ulaya ya kaskazini. Waliiita plectasin. Ina asidi amino 40, na imefungwa kwa vifungo vitatu vinavyoifanya iwe imara.

Walipowapa panya walioambukizwa bakteria wa nimonia, Streptococcus pneumoniae, plectasin iliwaponya sawa na dawa zilizokuwa zikitumika. Umbo lake linafanana na peptidi za kujilinda za kereng'ende, kome, buibui na nge. Inaelekea ufundi huu ulianza kale sana, kabla kuvu na wadudu hawajaachana njia.

Copsin: silaha ya uyoga wa samadi

Sasa turudi kwenye samadi. Uyoga uitwao Coprinopsis cinerea huota kwenye samadi ya farasi, na kwa Ulaya hutumika sana katika utafiti. Mwaka 2014, watafiti wa chuo cha ETH Zurich nchini Uswisi walieleza peptidi waliyoipata kwenye uyoga huo, wakaiita copsin. Ina asidi amino 57 na vifungo sita, mara mbili ya vile vya plectasin. Kwa sababu hiyo ni ngumu kuharibika: kuchemshwa hakuiondolei nguvu kirahisi, wala asidi. Huua bakteria kadhaa, akiwemo Listeria, anayechafua vyakula kama jibini na nyama.

Uyoga wa jamii hii si mgeni kwetu. Tanzania huota kwenye mabaki ya mkonge, na watafiti wamewahi kuupanda kama chakula. Hata hivyo, kula uyoga huo hakutibu maambukizi. Peptidi iliyo ndani ya uyoga na dawa iliyopimwa kipimo chake ni vitu viwili tofauti. Wala usichume uyoga wa porini usioujua, maana baadhi huua.

Peptidi hizi zinauaje bakteria?

Bakteria amezungukwa na ukuta. Ukuta huo humzuia asipasuke, na anapokua au kugawanyika lazima aujenge upya kila wakati. Fikiria nyumba inayojengwa: kuna vibarua wanaobeba matofali kutoka chini, na kuna fundi juu anayeyapanga na kuyaunganisha.

Penisilini humfunga mikono fundi. Matofali yanafika, lakini hayaunganishwi. Ukuta unadhoofika na bakteria anapasuka.

Plectasin na copsin hufanya kingine. Zinamkamata kibarua. Kibarua huyo ni molekuli inayoitwa lipidi II, inayobeba matofali ya ukuta. Kwa upande wa plectasin, jambo hili lilielezwa mwaka 2010 katika jarida la Science. Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walionyesha zaidi: molekuli nyingi za plectasin hushikana juu ya utando wa bakteria na kuwa kama wavu mmoja mkubwa. Vibarua wakinaswa humo, hawatoki.

Tofauti hii ni ya maana sana. Bakteria aliyekwisha jifunza kumlinda fundi wake dhidi ya penisilini bado anaweza kunaswa kibarua. Na kwa kuwa seli za binadamu hazina ukuta wa namna hii, silaha inayolenga ukuta ina nafasi nzuri ya kumuua kimelea bila kumdhuru mgonjwa.

Peptidi nyingine hazigusi ukuta. Alamethicin, inayotolewa na kuvu ya udongoni iitwayo Trichoderma, hujipanga kama mbao za pipa na kutoboa tundu kwenye utando wa seli. Tatizo ni kwamba haichagui vizuri: hutoboa hata chembe nyekundu za damu ya binadamu. Silaha nzuri kwa kuvu si lazima iwe dawa nzuri kwa mtu.

Kuvu dhidi ya kuvu

Kuna kuvu zinazougua watu pia. Fangasi wa mdomoni na ukeni wanajulikana, lakini wale wanaoingia kwenye damu, hasa kwa wagonjwa mahututi, ni hatari zaidi.

Hapa peptidi za kuvu zimekwisha fika hospitalini. Kuvu iitwayo Glarea lozoyensis, iliyopatikana kwenye maji ya bonde la mto Lozoya karibu na Madrid, Hispania, hutengeneza peptidi ya pete yenye asidi amino sita na mkia wa mafuta. Kutokana nayo ilitengenezwa dawa ya caspofungin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Huzuia kuvu aina ya Candida kujenga ukuta wake.

Ina mipaka yake. Hutolewa kwa dripu tu, si kidonge. Na haimwezi Cryptococcus, kuvu inayosababisha homa ya uti wa mgongo kwa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Ugonjwa huo una dawa nyingine.

Mbona nyingine hazijafika hospitalini?

Plectasin ilitangazwa mwaka 2005, na bado huwezi kuandikiwa na daktari. Sababu ni kadhaa.

Kwanza, tumbo. Peptidi nyingi zikimezwa humeng'enywa kama maharage. Zinahitaji sindano, na sindano inahitaji mhudumu na kituo.

Pili, hazifiki kwa bakteria wote. Plectasin na copsin huwaweza zaidi bakteria wasio na koti la nje. Bakteria kama E. coli na Klebsiella, wanaosababisha maambukizi mengi ya njia ya mkojo na ya damu, wana utando wa nje unaozuia peptidi hizi kuufikia ukuta.

Tatu, gharama. Kutengeneza peptidi kwa wingi si kazi rahisi. Plectasin iliwezekana baada ya kupandikiza maelekezo yake kwenye kuvu nyingine, Aspergillus oryzae, inayotumika Japani kutengenezea mchuzi wa soya, ili iitoe kwa wingi.

Nne, usalama. Ni lazima kuthibitisha kwamba haidhuru figo, ini wala damu, na hilo huchukua miaka ya majaribio kwa watu.

Usugu: kwa nini haraka inatakiwa

Wakati dawa mpya zinajikokota, bakteria wanazizoea za zamani. Hali hii huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na Tanzania hufupishwa UVIDA. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet, watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Mzigo ulikuwa mkubwa zaidi Afrika kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi.

Fleming mwenyewe alilionya hili. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alisema itafika siku penisilini itauzwa dukani, na mtu atajipa dozi pungufu, na vimelea watazoea. Siku hiyo imeshafika.

Kwa hiyo, nyumbani na zizini:

- Usinunue antibiotiki bila kuandikiwa, wala nusu dozi kwa sababu ya fedha. Mweleze mhudumu uwezo wako, huenda kuna dawa ya bei nafuu inayofaa.
- Mafua na kikohozi kingi husababishwa na virusi. Antibiotiki haiui virusi.
- Tumia dawa kwa siku zote ulizoandikiwa. Usimgawie jirani wala usihifadhi mabaki.
- Kideri cha kuku pia ni virusi. Kuwamwagia kuku antibiotiki kwenye maji hakutawaponya. Kinga yake ni chanjo.
- Ukimtibu ng'ombe au kuku, usinywe maziwa, usile mayai wala nyama kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo kupita.

Maswali ya kawaida

Kama penisilini ilitoka kwenye ukungu, je, ugali au mkate wenye ukungu ni dawa?

Hapana. Kuna maelfu ya aina za kuvu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Aspergillus flavus, inayoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, hutoa sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, sumukuvu kwenye mahindi iliugua watu 317, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Kausha mahindi vizuri kwenye turubai, si juu ya udongo, na tupa yaliyooza. Usimpe kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu inaweza kurudi kwako kupitia maziwa.

Je, naweza kubandika ukungu kwenye kidonda?

Usifanye hivyo. Zamani, katika nchi mbalimbali, watu walibandika mkate wenye ukungu kwenye vidonda. Leo tunajua unaweza kuingiza vimelea vipya. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunike, na kikivimba, kikitoa usaha au ukapata homa, nenda kituo cha afya.

Je, mkulima anaweza kunufaika na kuvu hizi sasa hivi?

Ndiyo, kwa njia moja. Kuvu ya Trichoderma, yenyewe ikiwa hai, huuzwa kama kinga ya mizizi dhidi ya kuvu za udongoni zinazoozesha miche. Hushindana nazo, huzila, na hutumia kemikali zake, peptidi zikiwemo. Nunua iliyosajiliwa kutoka duka la pembejeo linaloaminika, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na iweke kivulini, kwa sababu ni kiumbe hai na joto kali huiua.

Je, bakteria hawatazizoea peptidi hizi nazo?

Wanaweza. Hakuna silaha ambayo haijawahi kupata ngao. Lakini kibarua wa matofali, lipidi II, ni mgumu kubadilisha, kwa sababu bakteria akimharibu anajiharibia nyumba yake mwenyewe. Ndiyo maana watafiti wana matumaini, na ndiyo maana dawa hizo zikifika zitahitaji kutumiwa kwa uangalifu kuliko tulivyozitumia za kwanza.

Lile lundo la samadi nyuma ya zizi, basi, ni uwanja wa vita vya miaka mingi kuliko umri wa binadamu duniani. Penisilini na caspofungin tumeziokota katika uwanja kama huo. Plectasin na copsin ziko njiani, na hakuna ajuaye zitafika lini. Mpaka hapo, kidonge cha amoksilini kilicho mkononi mwako ni silaha ambayo bado inafanya kazi kwa magonjwa mengi. Itumie pale tu inapohitajika, kama ulivyoelekezwa, ili siku mwanao atakapoihitaji iwe bado inaua.